Nimekuazima Mume Wangu

Mdogo wangu Spana, kipenzi cha dada,

Anayekukabidhi barua hii ni shemeji yako. Mtazame vizuri! Wiki tatu za ndoa, na bado nikisikia cherehani yake ikilia chumba cha mbele, moyo unanidunda. Shati langu la kazini amelishonea mfuko wa siri upande wa moyo, eti akae humo. Nicheke tu, nimeshakolea.

Barua yako ya pongezi tuliisoma pamoja, tukacheka ulipomwita "mwizi wa dada za watu". Kisha tukafika mwisho. Sisi nyumbani huagana kwa "tutaonana". Wewe umeandika "buriani", na zawadi yetu ni sanduku lako zima la vifaa vya baiskeli. Fundi gani anagawa mikono yake?

Mume wangu aliacha kucheka. "Muulize waziwazi, mke wangu. Swali halimpi mtu wazo hilo, linampa pa kusemea."

Basi nakuuliza, mdogo wangu: unafikiria kujiua? Mjibu shemeji yako, hata kwa kutikisa kichwa. Hatashtuka wala hatakuhubiria. Atalala hapo kwako, na kesho mtakwenda wote kwa daktari. Daktari akiridhia, Jumamosi njooni. Kitanda chako nimeshakitandika kando ya cherehani.

Mume nimekuazima tu, sijakupa. Nitasimama stendi kuwapokea wawili. Akishuka peke yake, simpokei.

Tutaonana,
Dada yako, bibi harusi