Nafasi Iliyoachwa Kwenye Jiwe

Keroka, 9 Machi 2025

Kwa wifi yangu mpendwa Loice,

Bwana asifiwe. Habari za Suneka, na mguu wako unaendeleaje? Sisi tunaamka, tunashukuru Mungu, ingawa moyo wangu hautulii. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kredo ya simu yangu huwekwa na mdogo wenu Bosire, na siku hizi sijui anaona nini na haoni nini.

Unajua chuo kikuu kinataka kumheshimu kaka yako Zachariah kwa lile bweni la wasichana alilojenga, na kwa kuanzisha kiwanda cha mkate kilichowapa vijana wetu kazi. Juzi nilienda Kisii na akina mama wa kanisa kuliona jiwe la heshima waliloweka chuoni kwa ajili yake kabla halijazinduliwa. Ni jeusi, linang'aa. Wameandika jina lake, kisha 1961, kisha kistari, kisha nafasi tupu. Wasichana wawili wakapita, mmoja akamwuliza mwenzake, "Huyu ndiye aliyezikwa hapa?" Nikamwambia, "Mwenye jina yuko nyumbani, anakatia ng'ombe nyasi." Hakucheka.

Nikamwuliza fundi. Akasema, "Mama, niliambiwa niache hapo, patajazwa baadaye." Na nani? "Watu wa familia."

Wifi, familia ni nani? Aliyeshughulikia jiwe ni Bosire. Tena tangu Januari ananiletea uji kwenye thamosi kila asubuhi, kama mimi sina sufuria. Kaka yako ananiambia anafunga na kuomba. Ugali wangu anausukuma, lakini uji wa Bosire anakunywa. Mfungo gani huo? Na anakonda. Sasa thamosi ikifika naipokea mlangoni, naenda kumwaga nyuma ya choo. Nikiulizwa, nasema leo haikuja.

Mwulize Bosire kwa upole. Usinitaje.

Wifi yako,
Mama Valentine


Suneka, 18 Machi 2025

Mama Valentine, wifi yangu,

Salamu katika jina la Yesu. Mguu unakubali kupanda mlima, kushuka unakataa. Hapo kwa kredo umenichekesha. Bosire simu yake mwenyewe inamshinda, ataweza yako?

Nilimwuliza. Akasema, "Mama Valentine amwulize mumewe, asiulize mawe."

Tafadhali, uji usiumwage. Na usimseme mtu mbele ya watu. Wewe nakujua, ukianza hushikiki.

Wifi yako,
Loice


Keroka, 6 Aprili 2025

Wifi Loice,

Natumaini mguu umepoa na nyumba yako ni nzima. Yangu sitakudanganya.

Nilimsema mbele ya watu. Siku ya uzinduzi, wakubwa wa chuo wakiwa wameketi hemani, Bosire alikuja kumshika kaka yake mkono apande ngazi. Nikamwambia, "Mwache. Unangoja mwaka gani uandikwe pale?" Kipaza sauti kilikuwa karibu. Bosire akamwachilia, akaondoka, na mpaka leo hajakanyaga kwetu.

Tulipofika nyumbani Baba Valentine aliketi bila kuvua koti. Akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia fundi aache nafasi. Nilijua utaenda kuliona. Nikadhani utarudi uniulize mimi."

Ni kansa ya koo. Aliambiwa Desemba. Bosire ndiye humpeleka hospitali zile siku ninazoambiwa wameenda kununua unga. Hakuwa anafunga, wifi. Chakula hakipiti. Nami nilisimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa mfungo wa mume wangu, watu wakaitikia amina. Kilichokuwa kinapita ni ule uji.

Nimeenda kwa Bosire mara mbili kuomba msamaha. Mkewe anasema hayupo, na viatu vyake viko mlangoni.

Sasa usiku sina usingizi, nasoma barua yako tena na tena. Mimi nilikuandikia kwamba kaka yako anakonda. Wewe ni dada yake, mmenyonya titi moja. Katika barua yote hakuna mahali ulipouliza kwa nini.

Ulijua tangu lini? Ulipokuja Krismasi ukamshika mkono muda mrefu pale kwenye zizi, mlikuwa mnaongea nini? Sikuulizi kwa ugomvi. Nataka tu kujua ni nani amebaki katika nyumba hii ninayeweza kumwamini akiniambia habari za mume wangu.

Tafadhali nijibu upesi.

Bado ni wifi yako,
Mama Valentine