Mtani Kalala Mlangoni kwa Mgonjwa

Mpendwa Mama Koleta wa safu ya ushauri gazetini, shikamoo, naomba msaada, ingawa ukinitazama kwa mbali utadhani sina haja nao, maana Tabora nzima hakuna mwenye bahati kama mimi: mke wangu Kuluthumu, aliyekuwa akiumwa moyo tangu masika, amepona kabisa, na binti yetu Mwanahawa, aliyezaliwa na mimi mwenye darasa la nne, amechaguliwa kusomea udaktari Ulaya kwa ule ufadhili wa heshima wanaopewa wachache wenye vichwa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinamtaka kwa udaktari huohuo.

Mimi ni mpishi wa behewa la chakula, nimewakaangia mayai wakubwa wa kila taifa kutoka Kigoma hadi Dar, Ulaya naijua bila kufika, nimeisikia ikisimuliwa na midomo iliyojaa mkate wangu. Sasa Mwanahawa yuko kambini, Jeshi la Kujenga Taifa, anatakiwa atoe jibu mwisho wa mwezi, akaniuliza hali ya mama yake, kwa sababu Ulaya ni miaka mitano bila nauli ya likizo na Dar ni kupanda treni tu, kwa hiyo kama mama hajapata nafuu atachagua Dar. Nikamjibu mama mzima, anatwanga mwenyewe, nenda.

Nikapika pilau la pongezi, majirani wakaja, akaja pia mtani wangu Yoramu, fundi viatu, Mgogo, na unajua sisi Wanyamwezi na Wagogo tunataniana tangu babu zetu wa misafara. Badala ya kula akajifunika shuka, akalala kizingitini pa chumba cha Kuluthumu kama maiti, anataka apewe kitu ndipo ainuke, vile watani wanavyofanya msibani.

Akasema, "Selemani, nimewahi kulala leo, maana siku yenyewe binti yako hatakuwepo kunilipa."

Watu wakacheka, halafu wakaacha. Kuluthumu alisikia, akageukia ukutani, na tangu hapo nikirudi safari namnywesha uji kwa kijiko, anakunywa kimya, hasemi nami. Je, nimshitaki Yoramu kwa balozi wa nyumba kumi? Na nimpe binti maneno gani asisite kwenda Ulaya?

Mpishi wa Treni, Gongoni, Tabora

*

Ndugu mpishi,

Pole. Lakini usinikaangie yai ambalo halipo. Mtu aliyepona kabisa hanyweshwi uji kwa kijiko, na mtani hachezi maiti mlangoni kwa mtu mwenye afya yake. Yoramu amekwambia mbele ya watu jambo ambalo ndugu zako wameogopa kukwambia chumbani, na utani unamruhusu. Huna kesi.

Nakuelewa, baba. Umewabebea sinia wenye digrii maisha yako yote, unataka na wewe ubebewe moja. Si dhambi. Ufadhili huo ni heshima kubwa, na pengine binti angekwenda hata akijua yote. Lakini ajue! Udaktari ni uleule, na wagonjwa wake ni walewale wa hapa. Akirudi na cheti cha Ulaya akakuta mama yake alizikwa zamani, atakuuliza swali moja tu, na hilo behewa lako halina pa kujificha.

Muulize kwanza Kuluthumu anataka nini, na akianza kusema usimkatize. Kisha usiandike, panda treni uende kambini, umwambie mtoto uso kwa uso hali ya mama yake, umwachie achague. Neno la Ulaya likikufika mdomoni, limeze. Na Yoramu mlipe, ni haki yake.

*

Mama Koleta, Yoramu nimempa jogoo, amelia badala ya kunitania, sikulipenda hilo. Kuluthumu nimemuuliza. Kasema, "Mwambie. Akitaka kwenda aende, lakini aje aniage."

Nimeomba ruhusa kazini, nakuandikia treni imesimama stesheni ya Tura, safari hii nimekaa kama abiria, sina hata sinia la kushika. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kumlainisha binti, nimeyajaribu njia nzima, hayatafuniki. Ile bahati niliyokutangazia ilikuwa uongo. Mke wangu hajapona, na daktari alishaniambia hatapona.