Salamu Zako kwa Watu wa Alhamisi

Chumba namba 6, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha kufulia nguo.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama, maana ukiwa umesimama nitajua goti limepona. Ile dawa ya kuchua bado unaipaka, au umeipa likizo kama ulivyoipa ya macho? Na Shemeji anaendeleaje na kifua? Mwambie kikohozi cha miezi mitatu si mgeni tena, ni mpangaji, na mpangaji hutolewa na daktari.

Mimi ni mzima. Mgongo unasumbua kidogo, lakini huo ni mgongo wa kila mpiga pasi. Daktari alinikataza kuinama. Nikamwambia basi aje aninyanyulie meza ya pasi hadi darini. Hakucheka. Kazi inaendelea, mvuke haujaisha, na mashati ya watu hayajawahi kutuangusha.

Barua yako niliipata mwezi uliopita, ndiyo sababu naona haya kwa kuchelewa. Uliandika mwishoni: “Wasalimie sana wale rafiki zako wa Alhamisi, na hasa yule mama wa meno.” Dada, salamu hizo bado ninazo. Zimekaa kwangu kama koti ambalo mwenyewe hajaja kulichukua. Ngoja nikueleze kwa nini, kwa sababu kosa ni langu, na wewe ndiye mtu pekee ambaye hatashangaa.

Unawajua wote wawili kwa barua zangu. Mwalimu ni yule anayefundisha watu kuendesha gari, mgane aliyefiwa na mkewe siku nyingi, mtu wa mashati meupe. Fundi Meno ndiye mwenye karakana ya meno ya bandia ng’ambo ya barabara yetu, aliyeachana na mumewe zamani na hapendi kuulizwa. Mimi wananiita Pasi. Sijawahi kukuandikia tulivyoanza kula kwa Wakorea, na mambo yote yalianzia huko.

Fundi Meno alikuwa na mteja mwenye mgahawa wa Kikorea. Akaja analalamika kwamba meno aliyotengenezewa yanang’oka kila akila vitumbua vya kwao vya mchele, ambavyo si vitumbua hasa, ni vipande vyenye umbo la kidole, vinaelea kwenye mchuzi mwekundu wa pilipili, na vinanata kama mgeni asiyejua kuaga. Fundi Meno akasema hawezi kurekebisha meno bila kumjua adui. Akatuomba tumsindikize. Tukala, tukatokwa na machozi, meno yetu yakabaki mahali pake, na tukagundua kwamba mitaa hii miwili ina migahawa ya aina hiyo mitano. Tukaapa kuijaribu yote, mmoja kila Alhamisi tukitoka kazini, na tukiimaliza tuanze upya.

Si mahali pa kifahari, Dada. Viti ni vya bati, karatasi za kufutia mikono zinaning’inia ukutani, na vijiko unavitoa mwenyewe kwenye droo iliyo chini ya meza. Mezani kuna kitufe cha kumwita mhudumu. Mwalimu, ambaye maisha yake yote ni kukanyaga breki za watu wengine, alikipenda kitufe hicho kuliko chakula. Kabla hujatafuna tonge la pili, amekibonyeza.

“Unataka nini sasa?” Fundi Meno humuuliza.

“Sijui bado. Nilitaka kuona kama kinafanya kazi.”

Mahali pengine nyama inachomwa katikati ya meza yenu, na mhudumu anakuja kuikata kwa mkasi. Mkasi, Dada! Mimi niliyefunzwa kwamba mkasi wa kitambaa haugusi hata karatasi! Wanakupa aproni, koti lako wanalitia kwenye mfuko wa plastiki, na moshi unaingia kwenye shati hata hivyo. Ijumaa nikiwa kazini niliweza kukuambia, kwa pua tu, nani katika mtaa huu jana alikula wapi. Halafu wanakuletea vibakuli vidogo ambavyo hukuviagiza: machipukizi ya maharage, viazi vya sukari kidogo, na kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili. Vikiisha wanavijaza tena bila kukukunjia uso. Kwao mtu hajimiminii maji, anamiminiwa na mwenzake. Sheria hiyo sisi watatu tuliishika kuliko wenyewe. Kwa muda wa miezi miwili, Dada, kila Alhamisi kulikuwa na mtu anayetazama kikombe changu.

Sasa, macho yangu unayajua. Mwalimu alikuwa akileta mashati mawili kwa wiki. Yakawa matatu, yakawa manne. Akaanza kuomba kola ikazwe kwa wanga, na yawe tayari Alhamisi mchana, si Ijumaa. Mezani Fundi Meno alikuwa akimsogezea kibakuli cha kimchi bila kumtazama, kama mtu anayesogeza kitu chake mwenyewe. Hakuna aliyenieleza lolote. Haikuhitajika.

Alhamisi ya nane tulikwenda kwenye mgahawa wa mchuzi, ule wa mwisho mtaani, tulikopenda zaidi. Mama mwenye mgahawa akaleta chungu cheusi kinachotokota, akakiweka katikati, kisha akatuzuia kwa kiganja.

“Kwetu mkubwa ndiye anayeanza,” akasema. “Mkubwa nani hapa?”

Tukatazamana.

“Tule tu, mama. Sisi rika moja,” akasema Mwalimu.

“Rika moja na nani?” Fundi Meno akacheka. “Mimi hamsini na tano. Wewe uliniambia hamsini na saba. Haya, Pasi, sema na wewe, tuna njaa.”

Mimi nina hamsini na tisa, kama unavyojua wewe unayedai kunibeba mgongoni. Kwa hesabu ya pale mezani kijiko kilikuwa changu. Ningekichovya tu, ningekula, na leo ningekuwa nakuandikia habari za hali ya hewa.

Badala yake nikasema, “Mwalimu, usitucheleweshe bwana. Kitambulisho nilichokitoa kwenye mfuko wa shati lako juzi kinasema sitini na sita. Anza, mzee, chungu kinapoa.”

Fundi Meno alicheka wa kwanza. Halafu akaacha.

“Sitini na ngapi?”

Mwalimu alikishika kijiko, akakitazama, akakirudisha kwenye droo na kuifunga taratibu. “Pasi,” akasema, “na mifuko ya watu unaipiga pasi?”

“Mwache huyo, sema na mimi,” akasema Fundi Meno. “Miaka tisa! Uliitoa wapi hiyo namba yako?”

“Uliniuliza mara moja tu. Ikanitoka.”

“Yule aliyenioa naye alianza na kitu kidogo kilichomtoka.”

Akasimama, akaondoka na aproni ya mgahawa kifuani. Baada ya dakika moja akarudi, akaivua, akaitundika, akatoka tena bila kumtazama mtu. Mwalimu alimfuata, lakini si upande aliokwenda. Nikabaki na chungu.

Sasa nikuambie ambalo linanikaa kooni. Haikuwa ulimi kuteleza. Ulimi wangu hautelezi, unatembea kwa miguu yake, na wewe ulinichapa mara nyingi kwa sababu hiyo. Nilijua Mwalimu anataka nini kwa yule mama. Nilijua kwamba wawili wakishakuwa wawili, wa tatu huanza kubisha hodi hata akiwa ndani. Niliogopa. Nikasema lile neno nikijua linakokwenda. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, na ngazi nikaiacha juu.

Wiki tatu hakuna aliyenisemesha. Fundi Meno alivuka barabara kila aliponiona. Mwalimu aliacha kuja dirishani kwetu. Mashati yake yaliletwa na mfagizi wa shule yao, yana namba yake ya mteja tu, 41. Shati haliwezi kununa, kwa hiyo niliyapiga pasi vizuri nikasubiri. Haikusaidia.

Mwishowe nikafanya jambo ambalo utacheka. Nilijiandikisha somo la udereva, na umri wangu nikaujaza kwenye fomu. Nilifikiri, hapo atakaa kando yangu saa nzima na hawezi kushuka.

“Wewe?” akasema aliponiona. “Gari la nini, na unaishi nyuma ya kazi yako?”

“Nataka kujifunza.”

“Na miaka hamsini na tisa?”

“Hiyo ndiyo ya kweli,” nikasema, na papo hapo nikajuta.

Akafunga mkanda. “Vioo.” Nikatazama vioo. “Washa.” Nikawasha. Tukazunguka uwanja wa mazoezi kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Kwenye kona ya pili nikasema, “Mwalimu, nisamehe.”

“Tazama mbele.”

“Nilifanya makusudi.”

Akakanyaga breki ya upande wake. Kidevu changu kiliugusa usukani.

“Makusudi?”

“Niliogopa mtaniacha.”

Akageukia dirishani. Nje palikuwa na koni za plastiki za kupangia njia tu, lakini alizitazama kama ndugu zake. Kisha akasema, “Nilidhani ni utani uliopotea njia. Utani ningekusamehe.” Na baadaye: “Nenda ukamwambie yeye hivyohivyo. Sasa hivi mwongo anayemjua ni mimi peke yangu. Akikujua na wewe, atakuwa na wa kulinganisha.”

“Nitakwenda.”

“Vioo,” akasema. “Somo halijaisha.”

Nikaenda kesho yake. Fundi Meno alikuwa anasugua safu ya meno ya chini, mikono imejaa chokaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae. Alisikiliza huku akisugua.

“Kwa hiyo wewe ulijua kabla yangu kwamba ananipenda?”

“Kwa mashati. Kola.”

“Na mimi je? Mimi ulinijuaje?”

“Ulikuwa unamsogezea kimchi.”

Hapo akaweka meno chini. “Yeye alinificha miaka tisa kwa aibu,” akasema. “Wewe ulinipa ukweli kwa hila. Sijui kipi kichungu.” Akayachukua tena. “Funga mlango ukitoka, vumbi linaharibu kazi.”

Ijumaa ya juma lililopita shati namba 41 liliingia mikononi mwangu. Mabegani lilikuwa na moshi wa nyama, ule wa mgahawa wa mkasi. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto lilikuwa na tone jekundu la pilipili. Mwalimu anakula kwa mkono wa kulia, Dada, na hajawahi kumwaga kitu. Tone lile lilitoka kwa mtu aliyeketi ubavuni mwake, siyo mbele yake. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaketi kwenye ndoo ya sabuni. Sikulitia mashineni, nililifua kwa mkono, kwa maji baridi, tone likatoka lote. Mfukoni palikuwa na karatasi iliyokunjwa. Niliitoa bila kuifungua, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika 41, nikaipiga gundi.

Basi wamepatana. Mdomo wangu uliowatenganisha ndio uliowarudisha, na sitapata heshima kwa lolote kati ya hayo. Nilisubiri juma zima mtu anigongee, aseme “Pasi, tunakwenda wapi wiki hii?” Sakafu yetu ya mbao inalia mtu akipita, na kila ilipolia niliinua kichwa. Mlango wa jirani unagongwa sana. Ni mtu anayependwa.

Alhamisi hii nilikwenda mwenyewe kwenye mgahawa wa mchuzi. Mama mwenye mgahawa alitazama nyuma yangu, akaona mlango tu.

“Wangapi?”

“Mmoja.”

“Pole, baba. Chungu kinaanzia watu wawili. Cha mtu mmoja hatupiki.”

“Basi niletee cha wawili.”

Akakileta. Akapanga mabakuli mawili, vijiko viwili, vijiti jozi mbili, kwa sababu ndivyo ulivyozoea mkono wake. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, “Mwenzako yuko njiani?”

Nikasema ndiyo.

“Nani, yule mama?”

“Hapana. Dada yangu.”

Sijui lilitoka wapi, Dada. Lakini lilipotoka lilinikaa vizuri, sikulirudisha. Yule mama alifurahi sana. Akaleta kifuniko, akalifunika bakuli lako lisipoe, na kila alipopita aliangalia mlangoni kwa niaba yangu. Nilikula nusu yangu polepole. Nilipotoka alinifungia nusu yako kwenye chombo na kuniambia nikusalimie, na kwamba safari huwa na mambo yake, utafika tu.

Basi ninakuomba rasmi, nikiwa na akili zangu zote. Njoo. Njoo hata kwa wiki mbili. Ngazi zetu ni kumi na tisa, nimezihesabu kwa ajili ya goti lako, na zina chuma cha kushikilia upande wa kulia. Kitanda utalala wewe. Usilete zawadi wala chakula. Njoo na ule mdomo wako wa kunigombeza, maana hapa hakuna anayenijua vya kutosha kunigombeza.

Nisalimie Shemeji na kifua chake. Msalimie mpwa wangu mshonaji, umwambie aache kuosha hariri kwa maji ya moto, nimeona kwenye picha. Msalimie na jirani wa mlango wa kushoto, kama bado mnasemeshana. Kama hamsemeshani, anza wewe. Mungu akupe nguvu ya miguu na tiketi ya dirishani.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye, ambaye ameshamwambia mtu kwamba uko njiani.