Nilivyobaki Kirumba na Viatu vya Baba Kabula

Shinyanga, Jumatatu jioni, mwezi wa nane, 1976

Leo upepo umevuma tangu asubuhi, na vumbi limeingia mpaka kwenye chungu cha maharage. Nimefundisha darasa la pili nikiwa nimesimama, maana nikikaa nawaza. Mtoto mmoja amenyoosha mkono kuniambia kuwa nimeandika hesabu ileile mara mbili ubaoni. Nimeifuta, nikaiandika tena.

Sijui kama nimerudi kutoka matembezini au kutoka msibani.

Nianze na Ijumaa, labda nikifuata njia nitaelewa.

Tangu mwezi wa nne mume wangu yuko Mwanza. Hapa alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, wakamhamishia kwenye karakana inayotengeneza injini za boti. Akaniita niende mwisho wa juma tuzunguke mitaa ya kando ya ziwa, nichague mwenyewe pa kuishi. Watoto, Kabula na mdogo wake Vero, nikawaacha kwa mama yangu. Nikapanda treni na kanga zangu mpya.

Kusema kweli, nilikwenda nikiwa nimeshaamua kukataa. Mimi nimekulia mahali ambapo ng'ombe hutembezwa kutwa nzima kutafuta dimbwi. Maji mengi kiasi kile yananitisha. Hayana uzio, hayana mwisho, na hayanyamazi.

Jumamosi tulianzia Igogo. Nyumba zimepanda mlima kati ya mawe, nyingine zimeegemea jiwe kabisa, yaani jiwe ndilo ukuta wa nyuma. Chini kuna reli, chini ya reli kuna ziwa. Mama mwenye nyumba alituonyesha vyumba viwili vyenye dirisha linalotazama maji. Baba Kabula aliegemea lile dirisha muda mrefu, mpaka mama yule akanitazama kama anayeuliza kama mume wangu ni mzima.

"Upepo ukitoka huko, kesho kutakuwa na mawimbi," akasema, akionyesha upande nisioujua.

Nikamwuliza amejuaje. Akasema ameambiwa kazini.

Tukateremka mjini, tukafuata ufuko hadi Capri Point. Kule barabara ni kimya, michongoma imekatwa vizuri, mbwa wanabweka nyuma ya mageti. Wakubwa wanakaa kule. Tulitembea polepole kama watu wanaotazama vitu vya dukani bila nia ya kununua, na Baba Kabula akanionyesha nyumba moja nyeupe akasema hiyo ndiyo yangu, ila funguo amezisahau. Nilicheka. Halafu nikashtuka kwamba nimecheka.

Huyu si mtu wa mizaha. Hapa Shinyanga anarudi kazini, anasalimia, anakula, anawatazama wanawe wakicheza, analala. Watu humsifu kwa upole wake. Kumbe kule kila tulipopita anaitwa, anajibu, anapigwa bega. Kwenye kivuko cha Kamanga, watu wa Geita na Sengerema wakisubiri na kuku zao na magunia ya muhogo mkavu, alimwelekeza mvuvi mmoja jinsi ya kufunga kamba ya mtumbwi wake. Aliifunga yeye mwenyewe, mikono ikienda mbio bila kutazama.

Nilisimama pembeni na mkoba wangu. Nilifurahi kumwona vile, na papo hapo nikaona wivu, kama vile nimemkuta na mwanamke. Nani huyu, na alikuwa wapi miaka yote tuliyoishi pamoja?

Niliyoyajua mimi ni haya: ni Mzinza wa Geita, amelelewa na mapadri wa misheni, wazazi wake walikufa kabla sijamfahamu, hana ndugu. Siku ya harusi upande wake walikaa mafundi wenzake. Ziwa hakulitaja hata mara moja. Nilidhani kwao ni porini huko bara.

Usiku ule nilisema tuchukue vile vyumba vya Igogo. Sijui nilisema kwa sababu ya dirisha au kwa sababu ya kile kicheko.

Jana baada ya misa tukaenda Kirumba, kwenye mwalo ambapo mitumbwi inashusha samaki. Alitaka nione mtaa wa watu wa kawaida, nione sokoni pakoje. Harufu yake inakupokea kabla hujafika. Dagaa wameanikwa mchangani kama zulia la fedha, wanawake wanapita katikati wakiwageuza kwa miguu, sato wamepangwa kwenye majani, furu, wale samaki wadogo wenye miiba, wanauzwa kwa mafungu. Nilikuwa nachagua fungu la furu niliposikia mwanamke anaita, "Kamongo! We Kamongo!"

Nilidhani anauza kamongo, yule samaki mrefu anayejificha kwenye matope. Kumbe alikuwa anamwita mume wangu.

Alikuwa mama wa makamo, mnene, mikono imejaa magamba. Aliacha biashara yake wazi akaja moja kwa moja, akamshika Baba Kabula uso kwa mikono ileile, akaanza kulia. Wakaongea Kizinza. Mimi najua Kisukuma na Kiswahili. Kizinza nashika neno moja moja, na maneno niliyoyashika hayakunisaidia. Nilitabasamu tu, kama mgeni afanyavyo.

Mume wangu hakuwa akitabasamu. Alikuwa anatazama chini.

Kisha yule mama akanigeukia. Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wetu. Mimi ni jirani yenu kule Nkome. Mama yenu akisikia kwamba mtoto ana mke na watoto, nakwambia ataamka kitandani."

"Mama yetu yupi?" nikauliza.

Akamtazama mume wangu, akanitazama mimi. "Mama yake huyu. Veronika."

Hilo ni jina la mwanangu wa pili. Tulimpa jina la bibi yake marehemu. Kila mwaka siku ya kuwaombea marehemu mimi ndiye ninayempelekea padri jina hilo, Veronika, apumzike kwa amani. Nimeomba kwa magoti yangu mwenyewe. Nimemfundisha Vero aombe.

Nikasema, "Yuko hai?"

"Yu hai. Macho ndiyo yanamsumbua, na miguu." Akashusha sauti. "Sisi ndio tulidhani huyu amekufa. Wengine walisema alijitupa majini amfuate mdogo wake."

Nikamgeukia Baba Kabula nimwulize mdogo yupi. Alikuwa ameshavua viatu. Akavua na shati la misa, akalikunja vizuri, akanipa vyote mikononi, akaenda kwenye maji. Aliingia na suruali yake. Maji yalipomfika kifuani akazama, na alipoibuka alikuwa mbali, mahali nisipotegemea mtu kuibuka.

Sikujua kwamba anajua kuogelea.

Nilibaki na viatu. Yule mama akasimama karibu nami, tukawa tunatazama kichwa kinavyokuwa kidogo. Mawimbi yalikuwepo kweli, kama mume wangu alivyosema juzi. Nikamwuliza yule mama kama atarudi. Nilijisikia mjinga kumwuliza mtu baki habari za mume wangu, lakini pale ufukweni yeye ndiye aliyekuwa anamjua.

"Toka utotoni alikuwa hivyo, anazama hapa, anaibukia kule," akasema. "Ndiyo maana tukamwita Kamongo." Kisha akanieleza, taratibu, huku akijifuta macho kwa kiwiko. Kijana na mdogo wake Simoni walitoka kuvua, dhoruba ikapindua mtumbwi. Mkubwa aliogelea akimvuta mdogo mpaka mikono ikamwishia nguvu. Akafika nchi kavu peke yake. Mama yao alipomwona anakuja peke yake akamwambia, "Usikanyage nyumbani kwangu bila mwenzako." Alisema kwa uchungu wa siku ile. Asubuhi yake alimtafuta kila mahali.

Yeye alikuwa ameshaondoka. Alitembea mpaka misheni, na kutoka misheni mpaka kwetu Shinyanga, kwenye nchi isiyo na ziwa.

Alirudi. Siwezi kusema baada ya muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu. Alitoka majini anatetemeka, akakaa mchangani, nikamfunika shati mabegani. Nilikuwa na maswali mengi, yakagombania mlango, likatoka moja tu.

"Kwa nini uliniambia amekufa?"

"Alinifukuza, nami nikakubali," akasema. "Ningekwambia yu hai, ungetaka kwenda kumsalimia."

Ni kweli. Ningetaka. Ningebeba mchele na kanga, ningekwenda.

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki, na bado ninayo. Lakini mtu aliye mbele yangu alikuwa anadondosha maji kwenye viatu vyake mwenyewe, na meno yake yalikuwa yanagongana. Nikamkausha kichwa kwa kanga yangu mpya. Hata sasa sijui kama yale yalikuwa mapenzi au huruma, au ni mikono tu iliyokuwa inatafuta kazi.

Jioni alinisindikiza stesheni. Aliniambia Jumamosi hii atapanda boti ya Nkome na yule mama. "Ukija na watoto, nitafurahi. Usipokuja, sitakulaumu." Treni ikaondoka sijamjibu.

Njia nzima nilikuwa najaribu kumpanga. Huyu mpole wa Shinyanga, je, ni mpole au ni mtu aliyekuwa amebana pumzi? Na yule wa Mwanza mwenye mizaha, nimeolewa naye au bado? Nikimkasirikia mmoja, namwonea mwingine.

Mama yangu nimemweleza leo mchana. Ameuliza kama mama yake Baba Kabula amepata mtu wa kumtekea maji. Hilo tu. Nilitarajia anisaidie kukasirika.

Nikamwita Vero. Nikamwambia kwamba ana bibi mwingine, mwenye jina kama lake, anakaa kando ya ziwa, na hakufa, mama alikosea. "Anapenda watoto?" akauliza.

Nikamwambia sijui.

"Anajua mimi ni Vero?"

"Hajui."

"Basi twende tukamwambie," akasema, akarudi kucheza.

Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo kwangu. Sijui nitamtazamaje mama huyo. Sijui kama naenda kwa ajili yake, au kwa ajili ya Baba Kabula, au nione tu kwa macho yangu kwamba yote ni kweli. Wala sijasamehe, naandika hivyo ili nisije nikajidanganya baadaye.

Lakini asubuhi nitamwendea mwalimu mkuu kumwomba ruhusa ya Ijumaa. Ataniuliza naenda wapi. Nimejaribu kulisema jibu mara kadhaa hapa peke yangu, kwa sauti, nione kama mdomo utakubali.

Naenda kumsalimia mama mkwe.