Mama Yako, kwa Mfano

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimekaa muda mrefu bila kuandika humu. Niwie radhi, daftari. Sina udhuru ila uvivu, na uvivu si udhuru. Ni nomino tu.

Leo nimeteremka Makambako kujaribu koti, maana baridi ya Njombe mwaka huu haina adabu. Fundi wangu ni Tawonga, Mmalawi wa Rumphi. Kiswahili chake kina makosa machache kuliko cha jirani yake, Fidelia, muuza vitenge, ambaye kibao chake kinasema KALIBUNI WATEJA.

Nimekuta fremu ya Tawonga, chumba chake cha duka, imepigwa kufuli la kamati ya wafanyabiashara. Koti langu limo ndani, lina mkono mmoja!

Fidelia amenieleza bila kuulizwa. Eti Tawonga alikuwa kwenye simu, akiongea "kimalawi chake", akamkazia macho, akamtukania mama. Tena marehemu! "Hapa siyo kwao, Mwalimu. Aongee lugha tunayoielewa!"

Siyo! Ni "si". Nimemwambia. Hakunishukuru.

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia Tawonga simu. Kumbe alikuwa akimjulia hali mama wa rafiki yake, mgonjwa. Kwa Kitumbuka: Anyoko wali uli? Yaani, mama yako anaendeleaje? Na ile "a" ya mwanzo ni ya heshima. Fidelia ameikata heshima, akabaki na tusi.

"Baba, cherehani yangu imo humo," amesema. "Wakininyang'anya fremu, ninarudi kwetu na nini?"

Jioni Kefa, mwenyekiti wa kamati ile, amenialika Jumamosi kwenye kikao cha kesi ya Tawonga. Niende kama mtaalamu wa lugha. Mtaalamu! Nimepiga pasi suruali.

Jumamosi, 14 Juni

Kikao kilikuwa nyuma ya maduka. Nilieleza kwa utaratibu. Viambishi. Vimilikishi vya jamaa: babako, mamako, nduguyo. Kwamba hata Kiswahili cha kale kilikuwa na neno hilohilo la Tawonga, kabla walevi hawajaliharibu. Walisinzia. Nikaona mfano utasaidia. Nikamgeukia mwenyekiti, nikasema kwa sauti ya darasani:

"Kwa mfano: Bwana Kefa, nyoko hajambo?"

Wote waliamka.

"Mwalimu naye katukana!" Fidelia alishangilia kama timu yake imefunga bao.

Kefa alisimama, akaketi, akasimama tena. "Mzee mzima! Mbele za watu!"

Nikasema sentensi ni sahihi kisarufi. Haikusaidia.

Kisha kamati wakainamiana vichwa kushauriana — kwa Kibena! Ili Mmalawi asielewe. Hakuna aliyeona ajabu. Na Fidelia, mdai wa lugha inayoeleweka, ndiye aliyenong'ona zaidi: fremu ile inamfaa mdogo wake; Tawonga atolewe leo, si mwisho wa mwezi. Kefa akasita. Onyo, je, halitoshi?

Mimi ni Mbena. Nilisikia yote.

Tawonga akanivuta mkono wa shati. "Baba, wanasema nini?"

Nikamtafsiria. Neno kwa neno, kwa Kiswahili sanifu, kwa sauti ileile ya darasani. Mpaka wauza viazi wa ng'ambo ya barabara walisogea kusikiliza.

Halafu Kefa akaahirisha kikao hadi Jumatatu. Sasa ajenda ni mbili: fremu ya Tawonga, na kama mimi niruhusiwe kukanyaga tena pale.

Wakiamua, nitaandika. Kwa sasa nimejifunika blanketi. Koti lingali na mkono mmoja, na kufuli liko palepale.