Paa la Kahawa ya Maua

Kayanga, 14 Januari 2024

Dada Kokwijuka,

Shikamoo. Watoto hawajambo? Mgongo wa shemeji umemwachia? Sisi wazima, ila mimi nimenenepa kwa sifa: usharika umenichagua mtunza hazina, mimi niliyeishia darasa la sita! Fedha ya paa ilikuwa imelala benki huku bei ya bati ikipanda kila tukienda kuuliza. Wenye digrii wakabaki kukuna vichwa. Nikawaambia twende mashambani, tununue kahawa ikiwa bado maua mtini. Mwezi huu watu wana shida ya ada, wanauza bei ya kutupa. Ikiiva sisi tunaipeleka mnadani. Nyie huko mnaita butura, mimi naita akili.

Zubeiri wa dukani nilimpa uwakala, akakataa. Eti dini yao hairuhusu kununua tunda ambalo halijakomaa. Nilimcheka mpaka chai ikanipalia. Kazi kaichukua Jovin wa pikipiki.

Paa likiisha utakaa benchi la mbele.

Mdogo wako,
Nolasco

Nyakakika, 2 Februari 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako sasa anaweza kutoka nje, anakaa juani. Nimefurahia cheo chako. Ungekuwa karibu ningekupikia ndizi, ebitoke zetu, na maharage. Mackrine wangu amekwenda chuo, ada imepatikana. Usiniulize nimeipata wapi, naona haya kuandika. Tuombeeni mvua.

Dada yako,
Kokwijuka

Nyakakika, 17 Novemba 2024

Nolasco,

Hatujambo, na nyumbani kwako wote nawasalimu. Nasikia unauliza watu kwa nini siku ya kuzindua paa niliondoka kabla ya chakula.

Nilikaa mbele, pale uliponiweka. Bati linang'aa kweli. Ukashika kipaza sauti ukasema paa hili limejengwa na wavivu wa Nyakakika wanaokula kahawa yao ikiwa maua. Kanisa zima likacheka. Na mimi nikacheka, nisijulikane.

Jovin alinunua maua ya miti yetu yote, ile aliyoipanda baba. Mwezi wa saba kahawa niliichuma mwenyewe, nikaianika, akaja kubeba. Hakusema ni ya kanisa. Kwa bei ya mnada shemeji yako angetibiwa mgongo, asingekuwa anaota jua.

Sina hasira. Ni aibu tu.

Dada yako,
Kokwijuka

Kayanga, 1 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo. Siulizi hali, nimeshaijua.

Barua hii kila nikianza inaanza na utani, naichana. Uliponiandikia unaona haya, nilielewa, dada. Hilo ndilo linaninyima usingizi. Ningemuuliza Jovin majina ya wenye miti, angenitajia. Nilitaka magunia, majina sikuyataka.

Nilikwenda dukani kwa Zubeiri nikashindwa hata kuagiza sukari. Akanivutia kiti, hakunikumbusha neno. Afadhali angenicheka.

Jumapili iliyopita nilisimama nikasema faida irudi kwa wenye miti. Wewe sikukutaja. Mzee Kahigi akauliza, "Bati limeshapigiliwa, Nolasco. Tung'oe?" Kanisa likacheka, kama nilivyolizoeza. Cheo cha hazina nimewarudishia. Siku hizi nasali nikiwa nje, mlangoni. Ndani siwezi kutazama juu.

Kahawa ya shamba langu la Kanoni msimu ujao ni yenu, wewe na wenzako wote, ikiwa imeiva. Na Jumatatu ya tarehe tisa nakuja na gari nimpeleke shemeji hospitali. Nitaingilia njia ya nyuma, nisionwe na watu.

Mdogo wako,
Nolasco

Nyakakika, 6 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako ameshafunga begi. Tangu jana hataki kuvua viatu.

Wenzangu waliouza maua walikuwa hawajui kwamba yule wa kipaza sauti ni mdogo wangu. Nilikuwa nimewaficha. Leo nimewaambia, na kwamba mimi pia niliuza nimewaambia. Jumatatu watakuwepo hapa uani.

Pitia njia ya mbele.

Dada yako,
Kokwijuka