Namba Mguuni

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Nimefika kijiji cha Dranya kutoka Ediofe — vumbi hadi kwenye meno! Kichaka cha Mama Sitti bado kipo. Hapo ndipo mwaka jana nilitega nyavu, nikawavisha ndege pete za namba miguuni, nikawaachia. Sasa anataka kukifyeka apande muhogo. Vibarua wanakuja Jumamosi. Wajukuu lazima wale, simlaumu. Ila nikimpata hata ndege mmoja aliyerudi kutoka Ulaya, nitakuwa na la kumwambia.

Jumatano, 6 Novemba
Chiriku, chozi, chiriku tena. Ndege wa hapa hapa watupu, hakuna mwenye pete ya mwaka jana.
Mama Sitti alikuja kuchungulia nikiwavisha pete mpya. Hii si pete, akasema, hii iko namba ya jeshi! Nikacheka. Yeye hakucheka.
“Mutu iko na namba, lazima irudi kambi,” akasema. “Bwana yangu ilikuwa na namba. Ilienda vita ya sabini na tisa, mpaka leo haijarudi.”
Akachukua jembe lake akaondoka. Nimejiona mjinga.

Alhamisi, 7 Novemba
Mvua kutwa. Nyavu zimekunjwa. Roho imenywea.

Jumamosi, 9 Novemba
Karudi! Jamani, karudi!
Kale kandege kadogo ka rangi ya majani makavu, kanakokimbia baridi ya Ulaya. Namba ni ile ile niliyomvisha mimi mwaka jana, kwenye kichaka hiki hiki! Uzito wa vijiko viwili vya sukari. Amekwenda akarudi, amevuka bahari na jangwa lote — na hakukosea shamba! Nimelia. Sijali nani kaniona.
Nimemwita Mama Sitti, nikamwekea ndege viganjani. Akaisoma ile namba, midomo ikicheza. Akauliza katoka wapi. Nikamwambia.
“Na njia ilijua?”
“Alijua, mama.”
Kisha akainama, akamwuliza ndege, si mimi: “Mwenzako uliacha wapi?”
Akafungua mikono. Kakaingia moja kwa moja kichakani.
Naandika hapa hapa chini. Andrew na vibarua wenzake wamefika, panga zimenolewa. Mama Sitti ameketi mbele ya kichaka, amewapa mgongo. Andrew ameuliza mara mbili sasa: “Mama, tuanze wapi?”
Yeye anatazama pale ndege alipoingia.